Kofia Yako Kwenye Harusi ya Watu

Mfaranyaki, Songea

Issa, Myao wangu,

Kabla ya salamu, ujue kwanza anayekuandikia ni nani, maana huko uliko labda wameshakusahaulisha. Ni mimi Alfonsi, Anko Fonsi wa Mfaranyaki, mtu ambaye mkoa mzima wa Ruvuma unamtambua kuwa bingwa wa bustani za mijini. Sijisifu. Kama yupo Mngoni mwingine aliyekaa kwenye nyasi za Mbeya, Iringa, Dodoma, Dar es Salaam na Mwanza, tena akakaa kama mwenyeji, ajitokeze nimpe mkono. Wakubwa wanaopita kule na magari yenye viyoyozi bustani wanaziona dirishani. Mimi nimelala humo mchana, nimekoroma, ndege wamenizoea. Juzi tu bwana mmoja wa ofisini hapa mjini aliniuliza, "Anko, hivi Songea tukitaka kutengeneza bustani ya watu kupumzika, tuanzie wapi?" Nikamwambia aanze na kivuli, akimaliza aje nimpe la pili. Hajarudi. Anaiogopa elimu yangu.

Sasa salamu. Hapo ndipo kalamu inapokwama. Kumuuliza marehemu hali yake naona kama utani mbaya, na utani mbaya siku zote ilikuwa kazi yako. Basi nasema tu, shikamoo kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Ukiwa hai usingeipata, kwa sababu babu yangu alimteka babu yako na mateka haamkiwi. Najua ungejibu nini. "Alimteka, halafu akashindwa kumlisha, ikabidi mateka amlishe yeye." Ulikuwa nalo tayari kila siku, nami kila siku nilicheka kama nimelisikia leo.

Mwandiko wangu utausamehe. Unaujua, unatembea kama kuku aliyekunywa komoni. Shule niliiacha mapema, yenyewe ikiwa bado inanihitaji.

Kwanza nikupe habari ya maziko yako, maana wewe ulikuwepo lakini hukusikia. Nilikuzika vizuri, Issa. Presha ilikuchukua asubuhi, na Waislamu hamna mambo ya kusubirisubiri, mpaka alasiri kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Mimi mtani wako nilishuka humo nikajilaza chali. Nikasema haingii mtu hapa mpaka Wayao wamlipe babu yangu gharama za kumfuga mateka. Nikasema kaburi lenyewe fupi, huyu mkorosho miguu itabaki nje, itapigwa na jua la Matogoro mpaka ipauke. Sheikh aligeukia pembeni mabega yakimtikisika. Ndugu zako waliotoka Tunduru wakanihonga pakiti ya korosho ndipo nikatoka. Watu wanaizungumza siku ile mpaka leo. Wanasema tangu Songea iwe Songea hajatokea mtani kama mimi. Nilirudi nyumbani na ile pakiti. Sikuila. Imeingia wadudu.

Mambo yaliyobadilika ni haya. Nyumba yako ya Matogoro imepangishwa, amekaa mwalimu mgeni kutoka Bukoba, mtu mpole, ila amefuga mbwa hapo hapo ulipokuwa unatandika mkeka wa kuswalia. Usikasirike, hakuambiwa. Shemeji Zainabu amehamia Mshangano kwa binti yenu Mwanaidi, na huko amelima mahindi mpaka mlangoni. Na Mwanaidi amejifungua. Wa kiume. Wamempa jina lako. Nilimchungulia kwenye kanga nikasema, "Masikini, na masikio kapewa." Shemeji akacheka ile ya kuziba mdomo na upande wa kanga. Ni mtoto huyu ndiye aliyenifanya nisafiri, na safari hiyo ndiyo inayonifanya nikuandikie. Nitafika huko. Wacha nianzie tulipoanzia, si unajua mimi habari siwezi kuianzia katikati.

Unaikumbuka Mbeya, ile mara ya kwanza kabisa? Wewe na mabegi yako ya korosho za kukaanga, mimi na viroba vyangu vya dagaa wa Nyasa. Wateja walishachukua mzigo wote kabla jua halijapanda, na basi la kurudi ni kesho yake alfajiri. Gesti wametutoa wafanye usafi. Tumebaki barabarani na siku nzima mkononi. Mimi nikataka twende kilabuni, wewe ukataka msikitini. Tukabishana pale kwenye kona mpaka mwenye kibanda cha vocha akatuomba tusogee tumwachie wateja. Katikati ya kilabu changu na msikiti wako palikuwa na bustani. Ndiyo tukaingia, kila mtu akijiona hajashindwa.

Mimi nilipitiliza tu na viatu vyangu. Wewe ulisimama mlangoni ukavua makubazi ukayashika mkononi. Nikakuuliza, "We Myao, hapa ni msikitini?" Ukasema, "Nyasi hizi kuna mtu amezikata kwa mkono wake. Siwezi kumwekea vumbi la Songea." Ukaenda kwanza kwa mama aliyekuwa anafagia majani, ukamwamkia, ukampa korosho, ukamuuliza ni wapi ambapo mtu akikaa hamwongezei kazi. Mama yule alitushangaa. Akatuonyesha chini ya mti mkubwa, pana nyasi laini kama pamba. Ukanyoosha ile miguu yako mirefu, ukashusha pumzi, ukasema, "Alhamdulillahi. Leo sina mzigo."

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Kila mji, tukishashusha mzigo, bustani. Wenzetu wa Songea wakirudi safari wanasimulia maghorofa na vioo, sisi tunasimulia vivuli. Ulikuwa unasema tukiondoka mjini bila kukaa bustanini tutakuwa tumepita tu kama viroba vyetu. Na ilikuwa kweli. Mji ambao nimekimbizana nao stendi na sokoni siukumbuki hata rangi, lakini niulize bustani ya Mwanza na yale mawe yake na upepo wa ziwa, nitakuchorea. Na benchi tulipata siku zote. Sababu ni mimi, watu waliona sura ya mtu mzito wakapisha. Wewe ulidai ni harufu ya dagaa. "Mngoni huyu anabeba kiti chake mfukoni," ulikuwa ukiwaambia watu. "Akikaa tu, benchi zima letu."

Na Dodoma je? Wale wanafunzi waliokuwa wanajipiga picha kwenye maji yanayoruka. Nikawaambia maji yale niliyavuta mimi mwenyewe kutoka mto Ruvuma kwa mpira, nikiwa kijana mwenye nguvu. Walikuwa wameanza kuondoka. Wewe ukasema kwa ule uso wako wa sheikh, "Kweli wanangu. Ndiyo maana sisi Songea tunaoga kwa zamu." Wakarudi wakakaa. Walitusikiliza mpaka adhana. Kule Dar, kwenye ile bustani yenye tausi, niliporudi nikasimulia kijiweni kwamba tausi alinipigia saluti. Bodaboda wote wakageuka kukuangalia wewe, uthibitishe. Ukasema, "Alipiga. Kisha akamkagua mifukoni, akitafuta dagaa."

Issa, hivi unajua kuwa tangu ufe sijamdanganya mtu vizuri? Nikisema jambo linaanguka pale pale miguuni pangu. Hapana wa kuliokota.

Sasa harusi.

Ulikuwa unajifanya hupendi, lakini harusi za bustanini ulizifurahia kuliko mimi. Jumamosi mchana, magari yenye maua na mapambo yanaingia, honi mji mzima, bibi harusi anashushwa na watu wanne wamemshikia shela, na mpiga picha anapiga kelele kama kondakta. "Upande wa bwana! Upande wa bibi! Wazee mbele! Watoto chini!" Sisi tumekaa chini ya mti na pakiti yetu, tunatoa hukumu. Huyu bwana harusi viatu vinambana. Huyu shangazi anatafuta ugomvi. Wewe ulikuwa unawaombea dua kimyakimya, nilikuona midomo.

Ile ya Iringa ndiyo iliyotuingiza kazini. Mijakaranda ilikuwa imechanua, nyasi zote zimekuwa zambarau, nawe umeshindwa pa kukanyaga ukawa unaruka ruka kama korongo. Mpiga picha, yule dada mwembamba mwenye kofia ya mabaka, akaita, "Mjomba wa bibi harusi! Mjomba yuko wapi? Tunamsubiri mjomba!" Akaita tena. Yule mjomba mwenyewe nadhani alikuwa amekwenda kutafuta soda. Mimi ni mjomba wa watu, Issa. Nina wapwa mpaka siwajui wote. Mtu akiita mjomba, miguu yangu inanyanyuka yenyewe. Nikajibu, "Nipo!"

Ukanishika shati. "Kaa chini, mwendawazimu. Watatupiga."

"Watampigaje mjomba?"

Nikaenda. Upande wa bwana wakadhani mimi ni wa bibi, upande wa bibi wakadhani mimi ni wa bwana, wakanipisha kwa heshima zote. Bibi harusi mwenyewe akanipigia goti. Nikageuka nikakuona umesimama peke yako chini ya mjakaranda, makubazi mkononi, unanicheka. Nikakuita mbele za watu, "Shemeji yangu huyo! Njoo hapa, mkorosho wewe, unatuchelewesha!" Ukakataa kwa mkono. Shangazi mmoja akakufuata akakuvuta. Ukaja huku ukiomba radhi kwa kila mtu, ukajificha nyuma kabisa, nyuma yangu. Ukaniinamia sikioni ukasema, "Leo Mngoni umeteka harusi nzima." Nikakujibu, "Na nitashindwa kuilisha." Hapo ndipo ulipocheka. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kucheka vile kwenye bustani ya mji. Kamera ikalia. Na kile kicheko chako nikakisikia shingoni kwangu, cha moto.

Baada ya hapo tuliingia harusi nyingine, Mbeya, Dodoma, sitazitaja zote. Ila hizo ulikuwa mjanja, ukinisukuma mimi niende, wewe ukabaki kulinda viatu. Ya Iringa ndiyo uliyoingia.

Haya. Siku moja nimekwenda Mshangano kumwona mtoto. Mwanaidi ananiwekea ugali na mboga ya likolo, Shemeji amempakata Issa mdogo. Akasema, hata hakuniangalia, akasema kama anasema na mtoto, "Huyu babu yake atamjua kwa nini? Picha hatuna." Nikasema haiwezekani, mtu mzima aondoke bila picha. Akanitolea kitambulisho chako. Issa, ile sura ya kwenye kitambulisho si yako. Ni ya mtu aliyekamatwa na mahindi ya jirani. Wewe na kile kisimu chako cha tochi, kila mtu akitaka kukupiga picha unasema, "Niacheni, mimi si waziri." Tukakuacha. Sote tulikuacha.

Shemeji akasema, "Ningepata moja tu anacheka. Moja. Mtoto ajue babu yake alikuwa anacheka."

Sasa kinywa changu unakijua. Nikaweka tonge chini nikasema, "Shemeji, umekuja mahali penyewe. Mimi ninazo picha za Issa anacheka miji mitano. Ziko kwenye albamu za watu wakubwa. Ni suala la kwenda kuzichukua." Mwanaidi akaniangalia kwa pembe ya jicho. "Anko Fonsi, kweli hiyo?" Nikaapa. Usiku ule nilipokuwa natafuta bodaboda ya kurudi Shemeji alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata nikiwa nawe. Nikajua nimeingia mahali ambapo uongo hauwezi kunitoa.

Nikapanda basi kwenda Iringa. Peke yangu. Dagaa sikubeba. Kiti cha pembeni yangu alikaa mama na kuku, nikamsimulia kuwa mimi ni mjomba wa harusi tatu za Iringa. Akasema, "Hongera." Tu. Hongera. Nikageukia dirishani mpaka Makambako.

Nilipofika bustanini nikashindwa kuingia. Mimi, bingwa. Nilisimama pale mlangoni na mkoba wangu, watu wananipita huku na huku, nikawa sijui mtu anaanza na nini. Mwisho nikajikuta nimeinama nafungua kamba za viatu. Nikavishika mkononi. Mzee anayefagia nikamwamkia, nikampa korosho, nilinunua makusudi, nikamuuliza nikae wapi nisimwongezee kazi. Akanionyesha benchi kwa ufagio. Nikakaa upande mmoja. Kijana akaja akauliza, "Mzee, hapa pana mtu?"

Nikasema, "Pana."

Akaangalia huku, akaangalia kule, akaniangalia mimi, akaenda zake.

Bustani ilikuwa nzuri, Issa, nisikudanganye. Wamepanda maua mapya mekundu kuzunguka njia. Mijakaranda haikuwa na maua, msimu ulikuwa umepita, lakini kivuli kilikuwa kile kile. Nilikaa nikijaribu kufurahia. Nikanyoosha miguu kama wewe. Nikashusha pumzi kama wewe. Nikasema Alhamdulillahi, mimi Mkatoliki wa kipaimara, padri asisikie. Haikuja. Nilikuwa nadhani miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa nafurahia bustani. Kumbe nilikuwa nakuangalia wewe ukifurahia.

Yule dada mpiga picha nilimpata. Siku hizi hazunguki sana, ana kibanda karibu na mlango wa bustani, kompyuta na mashine ya kuchapia, ukutani amebandika maharusi. Jina lake Tumaini. Nilimweleza. Nilitegemea nianze na mbwembwe, lakini nilimweleza tu, kama mtu anayemweleza daktari. Akawa ananisikiliza na mkono kwenye kidevu. Nilipofika kwenye makubazi akasema, "Yule mzee mrefu! Mwenye kofia nyeupe ya kudarizi! Alinipa korosho, akaniambia kazi ya kusimama juani ni kama jihadi."

"Huyo huyo."

"Amefariki?"

"Amefariki."

"Jamani." Akainuka akafunga mlango nusu, wateja wasiingie.

Alitafuta, Issa. Alichomeka vifaa vya kila namna, harusi moja baada ya nyingine zikapita kwenye kioo, shela, keki, shela, keki. Mimi nimesimama nyuma yake moyo unagonga kama siku ya matokeo ya la saba, ambayo mimi sikuifikia lakini nimesimuliwa. Kisha nikaona zambarau. Nikapiga kelele, "Hapo! Simamisha hapo!"

Yule bibi harusi. Bwana wake wa viatu vya kubana. Shangazi. Watoto wamechuchumaa mbele. Na pembeni, upande wa kulia, mimi. Nimetuna kifua, shingo imenyooka, nimetoa meno yote, utadhani ni mimi ninayeoa. Na nyuma yangu, wewe.

Yaani kofia yako. Kofia inaonekana yote, na ua moja la mjakaranda limeikalia juu. Bega lako linaonekana. Sikio moja, lile la kushoto. Halafu kichwa changu. Pale ambapo pangekuwa macho yako na meno yako na kile kicheko, kuna kichwa changu mimi.

Nikamwambia aangalie nyingine. Akaangalia. Kwenye nyingine zote humo, ulikuwa umesharudi chini ya mti. Ni hiyo moja tu.

Nikawaza, siku hizi kompyuta zinafanya mambo. Nikamwambia, "Dada Tumaini, nifute mimi. Mimi sina haja ya kuwemo. Niondoe, abaki yeye."

Akageuka kwenye kiti akaniangalia. Alisema taratibu, wala hakutaka kuniumiza. "Mzee, nikikufuta wewe, nyuma yako hakuna kitu. Hii kompyuta haijawahi kuuona uso wake."

Issa.

Nimekaa na maneno yale njia nzima kutoka Iringa. Kila bustani tuliyokaa nilikuwa nasema mimi, watu wananiangalia mimi, wewe umekaa pembeni unamalizia. Nilijua nakuchekesha. Nilidhani inatosha. Kumbe mtu anaweza kumkaa mwenzake mbele miaka yote hiyo, na mwenzake akawa anacheka tu huko nyuma, asiseme hata siku moja, Mngoni, nipishe kidogo na mimi nionekane. Ungesema! Mbona mengine yote ulisema!

Hapana. Usingesema. Ndivyo ulivyokuwa.

Alinichapia ile picha kubwa, akaikatalia malipo, akasema ni ya korosho. Nikaipeleka Mshangano. Njiani nilikuwa nimetunga maneno mengi, jinsi kulivyokuwa na watu wengi, jinsi mpiga picha asivyojua kupanga watu, kijana wa juzi tu, hana jicho. Shemeji alikuwa anapukuchua mahindi uani. Akafuta mikono, akaipokea kwa mikono miwili, akaiangalia muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya kofia. Akasema, "Hii niliifua mimi. Asubuhi ile mnaondoka ilikuwa bado mbichi, akaivaa hivyo hivyo."

Kisha akaisogeza picha karibu na macho, akaielekeza kwenye mwanga, akaiinamisha huku na huku, kama mtu anayechungulia nyuma ya mlango. Akasema kwa sauti ndogo, lakini kwa yule mimi wa kwenye picha, si kwa mimi niliyesimama hapo, "Shemeji, hebu sogea kidogo."

Nilitoka nje. Nikamwambia Mwanaidi naenda kuangalia mahindi.

Ameitundika, kwa taarifa yako. Sebuleni, juu ya redio. Mtoto anaonyeshwa kofia anaambiwa babu, anaonyeshwa mimi anaambiwa anko. Nikifika pale ninakaa kiti cha mlangoni, ambacho hakiioni picha. Shemeji hajanisema neno baya, hata moja. Ananiwekea chakula kama zamani. Ningependa anisute kidogo ningepumua.

Basi, ndugu yangu, karatasi inaisha na mkono unauma, sikuzaliwa kuandika mimi, nilizaliwa kusemwa na watu. Nakuaga. Sikuagi kwa mara ya mwisho, maana nitakuja huko, na ukinitengea kivuli kizuri nitashukuru, hata kama ni karibu na msikiti wenu. Ila nakuahidi jambo, na hili si la kijiweni. Huyu Issa mdogo akishaweza kutembea vizuri nitampeleka Iringa, mijakaranda ikiwa imechanua. Nitamvua viatu mlangoni. Nitamfundisha kumwamkia anayefagia kabla ya kukaa. Watu wakitusogelea nitamwacha aseme yeye, hata kama anasema upuuzi, mimi nitamalizia. Na Dada Tumaini akitupiga picha, mtoto atasimama mbele peke yake, mimi nitachuchumaa nyuma, tena mbali.

Na kwa kuwa najua huko mlipo mnaona kila kitu na utanicheka, acha nikwambie mwenyewe. Kijiweni hapa nimewaambia wote kuwa kosa ni la mpiga picha, hakujua kazi. Wamenikubalia, hata wamemtukana kidogo, binti wa watu. Lakini wewe ulikuwa umenizidi urefu kichwa kizima, Issa. Ningesimama kama watu wengine, uso wako wote ungeonekana juu yangu, meno na kila kitu. Kwenye ile picha, mtu akiangalia chini kabisa, kwenye nyasi, pale mimi niliposimama, visigino vya viatu vyangu havijagusa chini. Nilisimama kwa vidole.

Mtani wako,
Fonsi